Baga ilishindwaje na chipsi mayai? Siri ya migahawa mikongwe ya Iringa na Mbeya

MGAHAWA ukidumu miaka mitano katika mji wa Tanzania, wenyeji huuzoea. Ukidumu miaka ishirini, huwa sehemu ya ramani ya mji: watu huelekezana njia kwa kuutaja, wasafiri huagana mbele ya mlango wake, na watoto waliokuwa wakiletwa na wazazi wao hurudi wakiwa na watoto wao.

Katika Nyanda za Juu Kusini migahawa ya namna hiyo si mingi. Mikoa ya Iringa na Mbeya inazalisha viazi, mahindi, mchele, maziwa na nyama kwa wingi, lakini wingi wa chakula shambani haujawa kinga ya kutosha kwa yule anayekipika na kukiuza mjini. Meza nyingi hufunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimya kimya.

Swali la kwa nini baadhi hudumu na nyingine hutoweka linamgusa kila mkazi wa mjini anayekula nje ya nyumba yake. Linawagusa pia wakulima wa viazi wa Uporoto na Makete, wafugaji wa Iringa, na maelfu ya akina mama lishe ambao jiko ndilo ajira yao pekee.

Mgahawa wa Barabara ya Uhuru

Mjini Iringa, jina ambalo wageni na wenyeji walilizoea kwa miaka mingi ni Hasty Tasty Too, mgahawa mdogo ulioko Barabara ya Uhuru. Tangu miaka ya 2000 vitabu vya mwongozo wa watalii vimekuwa vikiutaja kuwa miongoni mwa sehemu kongwe za kula katika mji huo.

Sifa yake haikutokana na ukubwa wa jengo wala mapambo. Ilitokana na mambo ya kawaida: kifungua kinywa cha uhakika, mtindi, maziwa ya kusaga, sandwichi za kuchoma na sahani za mchana ambazo mfanyakazi wa ofisi angeweza kuzimudu. Aidha, mgahawa huo ulijulikana kwa kufungasha chakula cha wasafiri waendao kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini.

Hapo ndipo ilipo siri ya kwanza ya mgahawa mkongwe: kuwa na wateja wa aina mbili au tatu kwa wakati mmoja. Mtalii hulipa vizuri lakini huja kwa msimu. Mwenyeji hulipa kidogo lakini huja kila siku. Anayemtegemea mmoja tu kati yao huyumba pindi huyo mmoja anapokosekana.

Jina lenyewe la mgahawa huo linazungumzia haraka na ladha, mambo mawili yaliyoifanya baga kuwa chakula maarufu duniani. Hata hivyo, katika miji ya Iringa na Mbeya baga imebaki kuwa chakula cha pembeni kwenye orodha, wakati chipsi mayai ndiyo mfalme wa mtaa. Sababu za hali hiyo zinaeleza mengi kuhusu uchumi wa jiko.

Baga ilikotoka

Wapo wanaodhani kwamba hambaga ni lazima iwe na nyama ya nguruwe, kwa kuwa neno la Kiingereza la paja la nguruwe limo ndani ya jina lake. Dhana hiyo si sahihi. Jina limetokana na mji wa Hamburg nchini Ujerumani, ambako wahamiaji wengi walipandia meli kwenda Marekani katika karne ya 19. Nyama ya kawaida ya baga ni ng'ombe.

Nchini Marekani, kampuni ya White Castle ilianza mwaka 1921 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, ikiuza baga ndogo kwa bei ya chini. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, na mwaka 1948 wakaubadilisha kwa kupunguza orodha ya vyakula na kupanga jiko kama kiwanda, kila mfanyakazi na kazi yake moja. Mwaka 1955 Ray Kroc alifungua tawi lake la kwanza mjini Des Plaines, jimbo la Illinois, na kutoka hapo jina hilo likaenea duniani.

Sambamba na kampuni hizo, Marekani imeendelea kuwa na migahawa midogo ya baga ya mtaani iliyorithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Mmojawapo ni Louis' Lunch wa New Haven, jimbo la Connecticut, ulioanza mwaka 1895 na ambao haujawahi kuwa na fahari ya ukubwa. Mgahawa huo huweka nyama yake ndani ya mkate wa kawaida uliochomwa, na mteja anayeomba tomato sosi hukataliwa.

Afrika Mashariki iliijua baga kupitia miji mikubwa. Wakazi wa Nairobi waliizoea katika migahawa ya Wimpy kwa miongo kadhaa, na Dar es Salaam ikafuatiwa na kampuni za kigeni, ikiwamo KFC iliyofungua mlango nchini mwaka 2013 ikiuza kuku. Nyanda za Juu Kusini zilibaki na wapishi wake wenyewe.

Mkate, nyama na umeme

Baga inahitaji vitu vitatu ambavyo ni vigumu kuviweka pamoja kila siku katika mji wa mkoani: mkate laini wa mviringo, nyama ya kusaga iliyo salama, na jokofu lisilozimika.

Mkate hutegemea ngano. Ingawa ngano hulimwa Makete, Mbeya na Rukwa, Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mahitaji yake kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipozuka Februari 2022 na bei ya ngano ikapanda duniani, waoka mikate waliumia. Mpishi wa wali au chipsi hakuguswa kwa kiwango hicho upande wa nafaka, ingawa mafuta ya kula nayo yalipanda.

Nyama ya kusaga ina tatizo lake. Kipande kizima cha nyama huwa na vijidudu juu ya ngozi yake, na moto mkali wa mshikaki huviua hapo hapo. Nyama inaposagwa, vijidudu vya nje huingia ndani, na kitonge kilichoiva nje tu kinaweza kubaki hatari katikati. Wataalamu wa usalama wa chakula hushauri nyama ya namna hiyo ifikie nyuzi joto 71 za Selsiasi hadi ndani kabisa.

Marekani ilijifunza hilo kwa machungu mwaka 1993, pale baga ambazo hazikuiva vizuri katika migahawa ya Jack in the Box zilipowaugua zaidi ya watu 700 na watoto wanne wakafariki dunia. Baada ya tukio hilo, kanuni za upishi na ukaguzi wa nyama nchini humo zilikazwa.

Kwa mpishi wa Mlandege au Mwanjelwa, somo ni jepesi: bila jokofu la uhakika, nyama ya kusaga ni bidhaa ya saa chache. Na jokofu hutaka umeme. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024, uliwakumbusha wafanyabiashara wengi gharama ya kutegemea ubaridi.

Jibini, kiungo kingine cha baga, angalau ina chimbuko jirani. Kiwanda cha maziwa cha Njombe, kilichojengwa kwa ushirikiano na shirika la Kiitaliano la CEFA, kimekuwa kikitengeneza jibini za namna ya Italia kutokana na maziwa ya wafugaji wadogo. Iringa nayo ina kiwanda cha Asas kinachosindika maziwa na mtindi. Lakini jibini bado ni bidhaa ya bei, na ikiongezwa katika baga huiondoa mikononi mwa mwanafunzi.

Chipsi mayai haidai jokofu

Chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege, ni jibu la Kitanzania kwa matatizo hayo yote. Kiazi hukaa stoo kwa wiki kadhaa bila umeme. Yai hukaa kwenye trei. Mafuta hukaa kwenye dumu. Vyote vitatu havigusani mpaka mteja anapoagiza, na vikiwekwa motoni mlo huwa tayari kwa dakika chache. Kachumbari na pilipili hukamilisha sahani.

Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya ziada: kiazi kinatoka jirani. Miinuko ya Uporoto na Umalila mkoani Mbeya, pamoja na Njombe, Makete na sehemu za Iringa, ndiyo kitovu cha kilimo cha viazi mviringo nchini, na utafiti wa zao hilo umekuwa ukifanyika kwa miaka mingi katika kituo cha Uyole, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Mbeya.

Si kila kiazi kinafaa kwa chipsi. Kiazi kwa kawaida ni maji kwa takriban asilimia 80. Kile chenye maji mengi zaidi hunyonya mafuta na kulegea; kile chenye wanga mwingi hutoa chipsi kavu na ngumu kidogo nje. Kiazi kilichokaa kwenye baridi kali hubadilisha sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na chipsi zake huwa nyeusi kabla hazijaiva. Mpishi mzoefu hayajui haya kwa majina ya kitaalamu, bali kwa mkono: hulikata kiazi moja la gunia, hulitazama, kisha ndipo hulipa.

Vyuo vikuu vimeongeza nguvu ya sahani hiyo. Kuanzia Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha upande mmoja, hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Teofilo Kisanji upande wa pili, wanafunzi wamekuwa wateja wa usiku ambao mapishi ya wali na ugali hayakuwalenga. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Jiji la Mbeya lina wakazi 541,603 na Manispaa ya Iringa 202,490. Soko lipo.

Hesabu ya sahani moja

Ili kuelewa kwa nini migahawa hufungwa licha ya kuwa na wateja, ni vyema kutazama hesabu ya mfano.

Tuseme gunia la viazi la kilo 100 limenunuliwa kwa Sh80,000. Baada ya kumenya na kutupa vilivyooza, zinabaki kilo 80. Sahani moja ikitumia nusu kilo ya viazi vibichi, gunia hutoa sahani 160, na kila sahani hubeba gharama ya viazi ya Sh500. Sahani ikiuzwa Sh2,500, inabaki Sh2,000 ya kulipia mayai, mafuta, mkaa au gesi, pango, mishahara, maji na ushuru.

Bei ya gunia ikipanda hadi Sh160,000 wakati wa uhaba, gharama ya viazi kwa sahani huwa Sh1,000. Mteja hakubali bei kupanda kwa ghafla, kwa hiyo Sh500 hiyo hutoka katika faida ya mwenye mgahawa. Mafuta yakipanda wiki hiyo hiyo, kama ilivyotokea nchini mwaka 2021 na 2022, faida inaweza kuisha kabisa huku foleni mlangoni ikiwa ndefu kama kawaida.

Ndiyo maana mgahawa mkongwe hauchagui chakula kimoja. Chai na chapati za asubuhi hulipa pango. Wali na maharage ya mchana hulipa mishahara. Chipsi za jioni huleta faida. Kimoja kikiyumba, viwili hushika.

Gunia lenyewe lina hadithi yake. Kwa miaka mingi viazi vya Nyanda za Juu Kusini vimefungashwa kwa mtindo wa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake na kushonwa kwa kamba. Sheria ya Vipimo haitambui lumbesa, na Wakala wa Vipimo umefanya kampeni nyingi dhidi yake. Mkulima hupoteza kwa sababu hulipwa kwa gunia wakati ametoa zaidi ya gunia. Mpishi mdogo, kwa upande wake, hununua kwa ndoo au sado sokoni, na faida ya lumbesa haimfikii.

Meza ya lugha ya ishara

Upo mgahawa mwingine wa Iringa unaoonyesha kwamba chakula peke yake hakitoshi kueleza uhai wa meza. Neema Crafts ulianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa juhudi za msanii kutoka Uingereza, Susie Hart. Ulianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo.

Kazi hiyo ilikua na kuwa kituo kilichoajiri watu wenye ulemavu zaidi ya 100, na miongoni mwa shughuli zake ulikuwamo mgahawa uliohudumiwa na viziwi. Mteja aliandika agizo lake kwenye karatasi au alijaribu ishara chache zilizochorwa kwa ajili yake. Wengi waliokuja kwa udadisi walirudi kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na huduma ilikuwa makini.

Somo la Neema kwa biashara ya mtaa ni kwamba mteja hukumbuka namna alivyohudumiwa kuliko alichokula. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgahawa uliotulia haupigi debe.

Wageni walipotoweka

Migahawa ya Iringa ilijaribiwa vikali mwaka 2020. Janga la corona lilipofunga anga za dunia, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867. Waliokuwa wakifungasha chakula cha Ruaha walibaki na wateja wa mtaa pekee, na ndipo uzito wa yule anayelipa kidogo kila siku ulipoonekana.

Matumaini mengine yalikuwa mradi wa kukuza utalii wa kusini, REGROW, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 za Marekani mwaka 2017. Malipo yalisitishwa mwaka 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi wanaoishi jirani na Hifadhi ya Ruaha, na mwezi Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Kwa mji uliotarajia kuwa lango la utalii wa kusini, hilo lilikuwa pigo ambalo athari zake hufika hadi jikoni.

Mbeya, moto na barabara

Mbeya inaishi kwa njia tofauti. Ni mji wa njia panda, wenye barabara kuu iendayo Zambia na Malawi, reli ya TAZARA na, tangu Desemba 2012, Uwanja wa Ndege wa Songwe. Mlaji wake mkubwa ni msafiri, dereva wa lori na mfanyabiashara wa soko. Katikati ya jiji ilikuwapo migahawa kama Sombrero wa Mtaa wa Posta, uliotajwa sana na wageni wa miaka ya 2000, lakini jiko halisi la Mbeya liko Mwanjelwa, Kabwe, Mafiati na Uyole.

Jiko hilo limeungua zaidi ya mara moja. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na Soko la SIDO lililowapokea wafanyabiashara wengi likaungua Agosti 2017. Kwa mama lishe, moto wa soko huteketeza masufuria na wateja kwa pamoja, kwa sababu wateja wake ndio wenye vibanda vilivyoungua.

Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi nao umebadilisha sura ya biashara za kando ya njia. Barabara pana ni faida kwa jiji ambalo foleni zake zilikuwa kero. Hata hivyo, kibanda cha kando ya barabara hakina hati ya kiwanja, na kikiondolewa hakina cha kuhamisha zaidi ya jiko. Mgahawa hudumu pale mwenyewe anapokuwa na uhakika wa mahali.

Somo la Kenya

Je, migahawa ya kigeni ikifika Mbeya na Iringa, itakuwaje? Jibu la sehemu limeshatolewa na jirani. Januari 2022, KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, wakati mashamba ya Nyandarua na Meru yalikuwa na viazi. Kampuni hiyo, iliyokuwa Kenya tangu mwaka 2011, ilieleza kwamba wauzaji wake lazima wapitie utaratibu wake wa ubora. Wakenya walikasirika, na kampuni ikaahidi kuwatafuta wakulima wa ndani.

Tukio hilo linaonyesha tofauti kubwa. Mgahawa wa mtaa hununua kiazi cha jirani bila kuulizwa. Mgahawa wa kimataifa hununua pale tu mkulima anapoweza kuthibitisha ukubwa, aina na usafi wa zao lake kila wiki. Mkulima wa Umalila asipoandaliwa mapema, baga ya kigeni inaweza kufika mjini kwake ikiwa na chipsi za bara lingine.

Kinachoweza kuilinda meza ya mtaa

Wapo wanaoona kwamba soko liachwe liamue. Lakini mambo kadhaa yanayoiua migahawa hayatokani na ladha wala uvivu wa wapishi. Kukosa eneo la kudumu, vipimo visivyo halali na nishati ghali ni mambo yanayoweza kushughulikiwa na halmashauri na serikali.

Nishati ni mfano ulio wazi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa jiko la chipsi lililozoea mkaa, mabadiliko hayo yanahitaji mtaji wa mtungi na jiko imara. Mama lishe asipofikiwa na mikopo, lengo hilo litamwacha nyuma au litamfunga.

Usafi nao si suala la kuwasumbua wadogo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, huku maofisa afya wa halmashauri wakiendelea na ukaguzi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 ulionyesha jinsi biashara ya chakula inavyoweza kusimamishwa kwa siku moja pale maji na vyoo vinapokosekana. Bomba la maji karibu na vibanda vya Mwanjelwa linaokoa biashara nyingi kuliko faini.

Mlaji naye ana sehemu yake. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hubadilika rangi, hutoa moshi mapema na hudhuru afya. Mteja anayeyakataa humlazimisha mpishi kuyabadilisha. Mteja anayelipa shilingi mia mbili zaidi kwa mgahawa safi huulipia uhai wake.

Baga haijashindwa kwa sababu Watanzania hawaipendi. Imeshindwa kwa sababu chipsi mayai inaifahamu zaidi hali halisi ya hapa: umeme unaokatika, ngano inayotoka mbali, kiazi kinachotoka mlimani jirani na mfuko wa mwanafunzi. Migahawa iliyodumu Iringa na Mbeya ni ile iliyoisoma hali hiyo kabla ya kuandika orodha ya vyakula. Zilizobaki zitadumu iwapo mahali, maji na mizani ya haki vitapatikana kwa yule anayewasha jiko alfajiri.